Akiumia Akitumikia Kifungo cha Nje, Nani Anamlipia?

Sisi wenye waume, dada na watoto wanaotumikia kifungo cha nje hapa Kenya tumechoka kuulizana wenyewe kwa wenyewe nani atalipa wakiumia kazini.

Adhabu yenyewe hatuilalamikii. Sheria ya huduma kwa jamii ya 1998 imewaepusha wengi wetu na jela: mama aliyekamatwa na chang'aa hufyeka nyasi za shule mchana, usiku analala na wanawe. Lakini njooni muone vifaa. Slasha ina mpini uliofungwa kwa vipande vya tyubu, glavu hakuna, na watu wanashuka mtaroni kuzibua uchafu wakiwa na kandambili.

Mwezi uliopita chuma kilichomoka kwenye mpini kikampasua kijana wetu, aliyekuwa akifyeka shuleni, juu ya kifundo cha mguu. Alifungwa leso, akapakiwa bodaboda, nauli akalipa mamake. Hospitalini wakauliza bima ya afya ya SHA. Hajalipa, angelipa na nini?

Mamake akaanza kuzungushwa akitafuta wa kulipa bili. Shule ikasema huyo si mfanyakazi wao, ameletwa na mahakama. Afisa wa probesheni, mtu mwema kwa kweli, akasema ofisi yake haina fungu la matibabu. Mahakamani akaambiwa atafute wakili.

Tumewauliza wanaoijua sheria. Ile ya fidia ya majeraha kazini, ya 2007, humlinda aliyeajiriwa kwa mkataba na mshahara, pamoja na mwanagenzi. Kijana wetu hana mshahara, maana amri yenyewe ni afanye kazi bila malipo. Lakini sheria ya usalama na afya kazini, ya mwaka huohuo, inahusu kila mahali mtu anapofanya kazi, hata kwa muda tu. Basi gambuti ziko wapi? Na anayetaka kuishtaki serikali kwa uzembe ana miezi 12 tu, ambayo maskini huimaliza akiambiwa arudi wiki ijayo.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba asipofika kazini anaweza kurudishwa kwa hakimu na kufungwa. Kwa hofu hiyo alirudi na bendeji mguuni, akang'oa magugu kwa mikono, ameketi chini.

Amri ya mahakama inataja saa zake na mahali pa kazi. Tunataka itaje pia nani atampa vifaa, na akiumia bili ipelekwe kwa nani. Na bajeti ya Juni itenge pesa za bima ya wanaotumikia kifungo cha nje.