Mpunga wa Dakawa wataka mafundi wa ugavi

Wakati wa mavuno Dakawa, wilayani Mvomero mkoani Morogoro, mpunga hushindiliwa lumbesa, magunia yakafunikwa turubai, na mara nyingi anayejua lori linakwenda wapi ni dalali peke yake. Kipima unyevu ni nadra kukiona, ingawa mpunga wenye unyevu uliozidi takriban asilimia 14 huweza kuota ukungu ghalani. Hasara yote humwangukia mkulima.

Mafundi wa kuzuia hasara hiyo wanaweza kufundishwa hapohapo, kwani chuo cha ufundi stadi cha VETA kipo. Dakawa si mgeni wa ufundi: wapigania uhuru wa chama cha ANC cha Afrika Kusini walijifunza useremala na ujenzi hapa kabla ya kuikabidhi Serikali makazi yao mwaka 1992. Waliokuwa uhamishoni walifundishwa. Kijana wa Mvomero akose nini?

Ugavi umeachiwa mno vyuo vya Dar es Salaam, kana kwamba ghala huendeshwa kwa shahada. Hapa anatakiwa mtu wa kupima unyevu, kusoma mizani, kutunza leja ya ghala na kuandika hati ya mzigo. Reli ya kisasa inafika Morogoro tangu 2024, lakini mzigo usio na hesabu haubebeki kwa faida.

VETA na Halmashauri ya Mvomero waanzishe kozi fupi ya ugavi kabla ya mavuno yajayo.