Kitabu Chetu Si Kadi ya Mnada

Jamani, nimeshindwa kunyamaza. Jumapili iliyopita, kwenye kikao chetu cha waandishi chipukizi, mwenzetu mmoja alisimama akatoa hoja. Eti mkusanyiko wetu wa hadithi uchapwe nakala 50 tu, kila moja iwe na namba na saini zetu, halafu tuuze bei ya kufa mtu. "Kitu kikiwa adimu ndiyo thamani," akasema. Ushahidi wake? Kadi za zamani za besiboli, kule Marekani. Watu wakapiga makofi! Mimi mdomo wazi. Michango yetu imeshatimia, na kura ni Jumapili ijayo.

Basi hizo kadi nimezifuatilia. Inayosifiwa kuliko zote ni ya Honus Wagner, mchezaji wa Pittsburgh. Kati ya 1909 na 1911 kampuni ya American Tobacco ilitia picha za wachezaji kwenye pakiti za sigara. Ya Wagner iliondolewa mapema. Wengine husema hakutaka watoto wanunue sigara kwa ajili ya sura yake, wengine husema alitaka alipwe kwanza. Zinazojulikana leo ni kama 60 hivi, na mwaka 2022 moja iliuzwa dola milioni 7.25.

Mwenzetu anaiita bei hiyo heshima kwa mchezaji. Heshima gani, bwana? Katika kadi hizohizo za sigara yumo Ty Cobb. Mwaka 1936, walipopigiwa kura wachezaji wa kwanza kuingia Jumba la Heshima la besiboli, Cobb alimpita Wagner. Lakini kadi za kawaida za Cobb hazisogelei hata kidogo bei ya Wagner. Kwa nini? Zilichapwa nyingi, basi! Mnada haujali nani alicheza vizuri. Na Wagner mwenyewe alifariki 1955, hakuambulia hata senti.

Tazama na Mickey Mantle. Kadi yake ya 1952 ilitolewa na kampuni ya Topps, iliyouza kadi pamoja na ubani wa kutafuna, vitu vya watoto. Toleo la mwisho la mwaka ule lilidoda. Sy Berger, mtu wa Topps mwenyewe, alisimulia kwamba mwaka 1960 masanduku yaliyobaki yalipakiwa chomboni yakaenda kutupwa bahari ya Atlantiki. Uadimu wenyewe ndio huo: mzigo uliokosa wanunuzi! Kadi moja ya Mantle iliyonunuliwa dola 50,000 mwaka 1991 iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Mantle alikwisha fariki 1995.

Tena kadi hizo hazishikwi. Zinafungwa ndani ya plastiki ngumu na kupewa alama, mwisho 10, kwa kuangalia pembe na kingo. Ndiyo maana mfanyabiashara wa minada Bill Mastro alikiri mwaka 2013 kwamba aliipunguza kingo kadi moja ya Wagner ili ionekane safi. Kadi hiyohiyo ilikuwa imeuzwa dola milioni 2.8 mwaka 2007. Sasa niambieni, hadithi yangu ikifungwa kwenye plastiki, nani ataifikia sentensi ya kwanza?

Najua atajibu nini: mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vya kadi vilichapa bila kipimo, watu wakajaza maboksi stoo wakingoja utajiri, na leo hazina bei. Kweli kabisa. Lakini waliolia ni walioweka stoo. Mtoto aliyezicheza na kubadilishana na wenzake hadi zikachakaa alipoteza nini?

Mama anayeuza chapati mtaani kwetu aliniazima daftari langu la hadithi mwezi jana. Lilirudi na madoa ya mafuta, kurasa mbili zimechanika, na mwanawe amechora gari kwenye jalada. Kwenye mnada lisingepata hata alama 1. Lakini mama yule aliniita mbele ya wateja wake akaniuliza kwa hasira, "Wewe mwanangu, kwa nini umemwacha yule binti kituoni usiku?"

Jumapili nitapiga kura ya nakala 500, karatasi rahisi, bila saini. Na la yule binti bado nalifikiria.