Kipindi cha mapepo na mtoto mwenye degedege

Wiki iliyopita mama mmoja hapa Mpanda alinieleza kwa nini alichelewa kumleta mwanawe mwenye degedege. Alishaona mtoto wa namna hiyo kwenye televisheni: macho yamegeuka juu, muziki wa kutisha, mganga anaeleza habari za pepo. Daktari hakuulizwa neno.

Sipingi masimulizi ya kale. Mkwaju wa mzimu wa Katabi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ni urithi wetu na unastahili kurekodiwa. Lakini mtoto anayekakamaa na kutupa mikono ni mgonjwa. Huenda ni homa kali, huenda malaria imepanda kichwani, na hiyo huua haraka.

Watayarishaji wa vipindi, mkimhoji mganga, mhojini na daktari. Nawe mzazi, mtoto akishikwa na degedege mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, mkimbize kituo cha afya akapimwe malaria, hata kama ametulia njiani.

Mtoto wa mama yule amepona, ila aliponea chupuchupu.