Risasi ya Mpanda na Deni la Kiingereza

Mji wa Mpanda uliinuliwa na risasi. Simaanishi risasi ya bunduki, bali madini yale mazito ya kijivu ambayo, katika zama za Waingereza, yalisababisha kujengwa kwa reli kutoka Kaliua. Leo mwanafunzi wa Katavi akifungua kitabu cha kemia huyakuta madini hayo yameandikwa Pb. Huikariri alama hiyo kwa ajili ya mtihani, asielezwe kwamba ni ufupisho wa plumbum, neno la Kilatini. Dhahabu nayo, ambayo wachimbaji wadogo wa mkoa huo huitafuta kwa jasho, ni Au, kutokana na aurum.

Nayataja haya kwa sababu lipo dai linalorudiwa maofisini na vyuoni: kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi, ilhali Kiingereza kinayo tangu asili. Dai hilo halina mashiko. Waingereza humwita fundi bomba "plumber" kwa kuwa mabomba ya Warumi yalikuwa ya risasi. "Science" ni scientia, yaani maarifa. Hata "minister", ambaye sisi humwita waziri, kwa Kilatini ni mtumishi tu. Isaac Newton alikichapisha kitabu chake kikuu cha mwaka 1687 kwa Kilatini. Kile kihusucho mwanga, cha mwaka 1704, akakitoa kwa Kiingereza. Kiingereza hakikungoja kikamilike ndipo kifundishe. Kilifundisha, na kilipopungukiwa kikakopa.

Kiswahili nacho ni mkopaji hodari. Meza ilitufikia kupitia Kireno na shule kupitia Kijerumani, na yote mawili yalipita katika Kilatini. Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, walikofika wamisionari Wakatoliki mwaka 1885, neno misa limekuwa la wenyeji, wala hakuna anayeliona geni.

Tatizo basi si uhaba wa maneno, bali uamuzi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Hata hivyo, mtoto wa Inyonga au Mishamo aliyemaliza darasa la saba kwa Kiswahili hubadilishiwa lugha aingiapo kidato cha kwanza, katika mazingira ambamo Kiingereza hakisikiki nje ya darasa. Akishindwa mtihani wa kemia, nani atatwambia kama hakuijua kemia au hakulielewa swali?

Sisemi Kiingereza kitupwe. Kifundishwe vizuri kama somo, na walimu wake waandaliwe ipasavyo. Lakini wenye dhamana ya elimu waache kutumia umaskini wa Kiswahili kama kisingizio cha kutotekeleza walichokiandika wenyewe. Pb itabaki Pb katika lugha yoyote. Mtoto wa Mpanda anastahili kuelezwa maana yake kwa lugha anayoielewa.