MAMBO YA NYUMBANI: Hofu Inayokuja kwa Saa Yake

Mwezi huu twataka kunena habari ya ugonjwa ambao wengi wetu tumeuona kwa macho, walakini sehemu yake iliyo nzito hatukuitambua.

Yuko mzee mmoja hapa Magomeni, jirani yetu, ambaye jina lake hatutalitaja. Desturi yake ilikuwa kwenda sokoni Kariakoo kila Jumamosi kununua samaki kwa mkono wake mwenyewe, maana katika jambo la samaki hakuamini jicho la mtu mwingine. Mkono wa kulia ulipoanza kutetemeka alicheka tu. Hata siku moja, katika kituo cha mwendokasi pale Mapipa, akashindwa kutoa fedha mfukoni, na watu walio nyuma yake wakanung'unika. Akarudi nyumbani, wala hakwenda sokoni tena. Mtu akibisha hodi, moyo wamwenda mbio. Usiku huamka akisema pumzi haimtoshi, naye hana homa. Mkewe akadhani ana deni analolificha. Ndugu wawili wa kanisani wakamshauri aungame. Na mmoja akataja uchawi; mtu wa namna hiyo hakosekani katika mtaa wo wote.

Kumbe ni ugonjwa wa Parkinson, ulioitwa kwa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeandika habari zake mwaka 1817. Yeye alitazama mtetemeko, kuinama na mwendo wa kukimbilia mbele. Madaktari wa leo wajua zaidi. Ndani ya ubongo mna chembe zinazotengeneza dopamini, nazo hufa kidogo kidogo. Dopamini ndiyo inayowezesha viungo kutii amri. Lakini kazi yake haikomi hapo, kwa kuwa yenyewe na vitu vingine vya ubongo vinavyopungua pamoja nayo vyahusika pia na utulivu wa moyo. Ndiyo sababu karibu theluthi moja ya wagonjwa hawa hushikwa na wasiwasi mkubwa, na kwa wengine wasiwasi hutangulia miaka kadhaa kabla mkono haujatetemeka. Basi huyo mzee hakuwa mwoga, wala hakuficha dhambi. Hofu yake ilikuwa ugonjwa ule ule, kama mtetemeko ulivyo ugonjwa.

Tusidhani jambo hili ni la nchi za mbali. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, palifanywa uchunguzi wa nyumba kwa nyumba kati ya watu 161,071, na habari zake zikachapwa mwaka 2008. Walipatikana wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamepata kuambiwa wana ugonjwa gani.

Mzee wetu alipelekwa hospitali, akapewa levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. (Mbegu za upupu nazo zina levodopa. Lakini asithubutu mtu kuzisaga akampa mgonjwa, maana kipimo chake hakijulikani.) Mikono ikapata nafuu, hofu ikabaki. Hapo binti yake akafanya jambo la busara. Alichukua daftari la shule la mwanawe, akaandika kila siku saa ya dawa, saa ya chakula, na saa ambayo baba alishikwa na hofu. Baada ya majuma mawili akaona kwamba hofu haikuja ovyo. Ilikuja karibu na saa saba mchana, na tena jioni, nusu saa kabla ya kumeza dawa inayofuata, yaani wakati nguvu ya dawa ya kwanza inapokwisha. Akampelekea daktari lile daftari. Daktari akazipanga upya saa za dawa, akaagiza imezwe nusu saa kabla ya chakula, kwa kuwa nyama, samaki na maharagwe vyaweza kuizuia isifike ubongoni. Hofu haikuisha yote, lakini ilipungua. Kwa wengine daktari huongeza dawa ya wasiwasi yenyewe, au humpeleka mgonjwa kwa mtu aliyefundishwa kuzungumza na wenye hofu. Dawa ya Parkinson isiachwe ghafula hata siku moja. Hatari yake ni kubwa.

Wenye mgonjwa nyumbani, msimwambie, “Tulia, Baba, usitetemeke.” Neno hilo huzidisha hofu, na hofu huzidisha mtetemeko. Miguu yake ikigandamana mlangoni au penye watu wengi, msimvute. Simameni naye, mhesabu pamoja moja, mbili, tatu, ndipo ainue mguu.

Jumamosi iliyopita alikwenda Kariakoo na mjukuu wake, asubuhi, dawa ikiwa na nguvu, na fedha zimekwisha kuhesabiwa tangu nyumbani. Mlangoni pa kituo miguu ilikwama. Mjukuu akahesabu hata tatu, babu hakuinuka, akahesabu tena. Nyuma yao walinung'unika vile vile. Walirudi na changu wawili, na mzee akalalamika njia nzima kwamba mtoto amechagua vibaya.