Risasi zikikosekana, kila mtu anajaza sanduku lake

Kila mtu aliyeishi Goma ao Bukavu anajua namna jambo hili linaanza. Asubuhi habari inazunguka kwamba barabara imekatwa. Hakuna aliyeihakikisha. Saa ine, wamotari wamejaa kwenye kituo cha esanse. Saa sita, kadafi wa kando ya barabara amepandisha bei ya chupa. Jioni, unga wa muhogo na makala vimepanda pia. Kesho yake tunasikia kwamba barabara ilikuwa wazi siku nzima, lakini esanse imekwisha kwa kweli.

Mimi mwenyewe nimesimama katika mstari huo, bidoni mbili mkononi, na nyumbani niliacha bidoni nyingine imejaa. Sikuwa mchuuzi. Niliogopa tu kwamba walio mbele yangu watamaliza yote.

Nakumbuka bidoni zile kila mara ninaposoma namna Wamarekani wenye kumiliki bunduki wanavyonunua risasi wakati zinapokosekana. Watu wengi kwetu wanawacheka: mtu ana risasi elfu mbili chini ya kitanda, na bado anaamka alfajiri kusimama mbele ya duka ili anunue nyingine. Wanasema ni wazimu wa matajiri. Mimi sikubali. Ni hesabu ileile ya bidoni, na sisi wa mashariki mwa Congo tuna sababu ya kuielewa kuliko watu wengine, kwa sababu kwetu risasi ndizo zinaamua nani analala nyumbani kwake.

Tuanze na mwaka 2012. Mwezi wa Desemba, mtu mwenye bunduki aliingia katika shule ya Sandy Hook, mjini Newtown, akaua watoto 20 na watu wazima 6. Serkali ya Barack Obama ikataka sheria kali zaidi. Wenye bunduki wakakimbilia maduka kabla sheria haijapita. Lakini haikupita: mwezi wa Aprili 2013, pendekezo la kupanua uchunguzi wa wanunuzi lilipata kura 54 katika Seneti, na zilihitajika 60. Washington haikukataza kitu. Pamoja na hayo, risasi zilikosekana kwa miezi mingi.

Na angalia ni risasi gani iliyokosekana kuliko zote: ile ndogo ya .22, ya kuwinda sungura na kuwafundisha vijana kulenga shabaha. Mjadala mkubwa wa Washington ulikuwa juu ya bunduki za namna ya kijeshi, magazini kubwa na uchunguzi wa wanunuzi. Risasi ya sungura haikuwa katika hatari yoyote. Lakini ilikuwa ya bei ndogo, karibu kila mtu alikuwa na bunduki yake, na kila mtu aliona kwamba mwenzake anainunua. Hiyo ilitosha.

Uvumi nao ulikuja kusaidia woga. Watu waliambiana kwamba Wizara ya Usalama wa Ndani inanunua risasi zaidi ya bilioni moja na nusu ili raia wazikose. Mwezi wa Januari 2014, ofisi ya ukaguzi ya Kongresi ilitoa ripoti: manunuzi ya wizara ile yalikuwa yamepungua tangu mwaka 2009. Ripoti nzuri, lakini ilikuja wakati maduka yalikuwa yamekwisha kumalizwa. Ukweli ukichelewa mwaka mmoja, mtu aliyekwisha kununua hana tena sababu ya kuusikiliza.

Mwaka 2020 mambo yakarudi kwa nguvu zaidi. Korona, maandamano baada ya kifo cha George Floyd, na uchaguzi, vyote katika mwaka mmoja. Uchunguzi wa FBI unaohusiana na bunduki ulifika zaidi ya milioni 39, wakati mwaka 2019 ulikuwa milioni 28. Si kila uchunguzi ni bunduki iliyouzwa, lakini unaonyesha upepo ulivumia wapi. Mamilioni ya watu walinunua bunduki kwa mara ya kwanza, na bunduki mpya inaomba risasi. Fanya hesabu: watu milioni moja wakinunua kila mmoja visanduku viwili vya risasi 50, ni risasi milioni 100 zimetoka dukani, na hakuna mtu hata mmoja katika hao anayeweza kuitwa mlimbikizaji.

Viwanda havikuweza kufuata mwendo huo. Nyuma ya risasi nyingi kuna kifuniko kidogo chenye kuwasha baruti. Viwanda vinavyokitengeneza kwa wingi Marekani vinahesabika kwa vidole. Kampuni ya Remington yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwezi wa Julai 2020, katikati ya mahitaji hayo. Na mwenye kiwanda anajua kwamba woga hupita: akijenga leo, kesho watu watakuwa na masanduku yaliyojaa na hawatanunua. Basi anaongeza saa za kazi, hajengi. Bei ya risasi ya milimita 9 ilipanda mara mbili, mara tatu. Maduka yakaweka kipimo cha visanduku kwa kila mteja. Na kipimo hicho, badala ya kutuliza watu, kiliwaambia: kweli zinakwisha, rudi kesho na mke wako.

Kuna wanaouza tena kwa bei ya juu, sikatai, sawa na vile kadafi wengine wanavyoficha chupa wangoje bei. Lakini wachuuzi hawaanzishi ukosefu, wanaukuta. Mwanzo wake ni mtu wa kawaida asiyeamini kwamba kesho atapata. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mmarekani aliyekuta duka tupu mwaka 2013 hakungoja mwaka 2020 umwonyeshe mara ya pili. Kumwita mwenye tamaa hakumrudishi nyumbani. Kinachomrudisha ni kukuta duka limejaa wiki hii, na wiki ijayo, na nyingine.

Sasa turudi kwetu. Kwetu risasi si kitu cha kununua dukani na kitambulisho. Sheria ya mwaka 1985 juu ya silaha na risasi inamlazimisha raia kuwa na ruhusa, na wengi wenye kushika silaha hapa hawakuwahi kuiomba. Lakini woga ni uleule. Toka miaka mingi tunaambia vijana wa makundi yenye silaha: rudisheni bunduki. Katika Katanga, shirika la PAREC la pasta Ngoy Mulunda lilibadilisha bunduki kwa kinga. Sidharau kazi hiyo; bunduki moja iliyovunjwa ni maiti moja iliyopungua. Tangu Julai 2021 tuna P-DDRCS, programu ya serkali yenye kazi hiyohiyo. Lakini mara nyingi tunapohesabu mafanikio tunahesabu bunduki. Ni nani anayetuambia risasi ngapi zilirudishwa?

Bunduki bila risasi ni fimbo nzito. Mpiganaji anajua hilo kuliko sisi. Anaweza kutoa bunduki iliyochakaa mbele ya wakubwa na wapiga picha, na sanduku la risasi likabaki limezikwa nyuma ya nyumba, kwa sababu kijiji cha ng'ambo ya mto hakijatoa kitu. Kila upande unangoja mwenzake aanze. Kinga haijibu swali lake la usiku: wakija, nani atatulinda?

Na ugavi mpya hauachi kuja. Mwisho wa Januari 2025, mapigano yalipoingia ndani ya Goma, silaha na risasi ziliachwa barabarani, na watoto walikuwa wa kwanza kuzigusa. Sidhani kwamba zote ziliokotwa na watu wenye nia ya kuzirudisha.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, risasi zihesabiwe na kutangazwa sawa na bunduki. Mapatano ya inchi za Afrika ya Kati juu ya silaha ndogo, yaliyopitishwa Kinshasa Aprili 2010, yanataja risasi katika jina lake lenyewe. Kwa nini ripoti zetu zizisahau? Pili, wanaotuongoza waseme ukweli mapema. Barabara ikikatwa, waseme siku hiyohiyo. Ikiwa wazi, waseme saa hiyohiyo. Kimya chao ndicho kinanunua esanse yote mjini. Tatu, msiende kijiji kimoja kuomba silaha na kuacha jirani yake. Vijiji viwili vitoe siku moja, na anayewalinda wote wawili awe amekwisha kufika, tena abaki.

Najua jibu la wakubwa: watu waache kwanza woga, usalama utafuata. Nawaomba wajaribu kuniambia hivyo siku ya uvumi, nikiwa katika mstari wa esanse. Sitaacha bidoni zangu. Na mimi naogopa kukosa esanse tu. Mwenye sanduku la risasi nyuma ya nyumba anaogopa kuuawa.