Simu Nayo Hubisha Hodi



Siku ya Idi, baada ya swala ya uwanjani, mama mmoja alitujia akitetemeka. Mwanawe wa miaka saba amempotea katika umati, na simu ya kumwita mumewe haishiki. Ameshaizima na kuiwasha mara tatu. "Sheikh, mnara tunauona pale, mbona simu haiingii?" Mtoto alipatikana, alhamdulillahi, kwa muuza mabuyu. Lakini swali la mama yule lastahili jibu.

Simu haiingii mtandaoni kwa kishindo. Iwashwapo, kwanza husikiliza. Mnara hutoa ishara zake bila kukoma, na kwa ishara hizo simu huutambua mnara na kulinganisha wakati wake nao. Kisha husoma matangazo ya mnara yaielezayo ibishe lini na kwa njia ipi. Hapo ndipo hubisha hodi.

Katika mtandao wa 4G, kila eneo la mnara lina hodi 64 tu. Simu huchagua moja katika zile zilizo wazi kwa wote, bila kutaja jina. Mnara huijibu, ukairekebishia wakati wake kwa kadiri ya umbali, na kuipa nafasi ya kujitambulisha. Simu mbili zikibisha kwa hodi moja, kila moja hudhani ndiyo iliyokaribishwa. Mnara huitaja moja, na ya pili hurudi nyuma, ikangoja kidogo, kisha ikabisha upya. Mwisho, laini na mtandao huhakikishana, ndipo mlango ukafunguka.

Siku ya umati wabishao ni wengi na nafasi ni chache. Azimaye simu na kuiwasha huirudisha mwanzo kabisa, na apigaye mfululizo huongeza msongamano unaomzuia yeye mwenyewe. Ni afadhali kutuma ujumbe mfupi wa maandishi, kwani hautaki nafasi kubwa kama mazungumzo, na simu ikaachwa ijaribu.

Lililo bora zaidi hufanywa nyumbani kabla ya kutoka. Tuwaonyeshe watoto mahali pa kukutania, na tuwatilie mfukoni karatasi yenye nambari ya mzazi. Simu yaweza kungojeshwa mlangoni; mtoto aliyepotea hangoji.

Wabillahi tawfiq.